Cheche za Amedeus

Mgeni aliposhuka basi pale Nachingwea na kuulizia karakana ya Amedeus Chitanda, hakuelekezwa kwa njia wala kwa kibao, ingawa kibao kilikuwepo, tena kikubwa kuliko mlango. Aliambiwa hivi: nenda mpaka usikie injini, halafu mtafute mtu asiye na nyusi. Huyo ndiye.

Na kweli hakuwa nazo. Uso wa Amedeus ulikuwa mpana, wenye masharubu ya kutosha watu wawili, lakini juu ya macho palikuwa patupu kama uwanja wa shule uliofagiliwa. Kwa sababu hiyo alionekana siku zote kama mtu aliyetoka kupewa habari ya kushangaza. Mwenyewe alisema nyusi ni za watu wa ofisini. Fundi wa kweli, alisema, lazima uso wake ufahamiane na moto.

Kibao kile kiliandikwa kwa rangi nyekundu: A. CHITANDA, FUNDI NA MBUNIFU. Neno fundi alilistahili, hakuna aliyembishia. Hilo la mbunifu alilitanguliza miaka mitatu kabla hajabuni kitu chochote, kama binti anayeshona nguo za mtoto kabla hajachumbiwa.

Ufundi aliupata misheni, alipomaliza darasa la saba, kwa bruda mmoja, mtawa mzee ambaye alimsimamisha kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, asukume tupa miezi sita mizima kabla ya kumruhusu kugusa kitu kingine. Tupa, kwa asiyeijua, ni kile kipande cha chuma chenye meno madogo madogo kinachokwangua chuma kingine mpaka kikae sawa. Bruda alikuwa na neno moja alilolirudia kama litania: tupa ina kwenda, haina kurudi. Ukiisukuma mbele inakula. Ukiivuta nyuma unapapasa tu, na unaua meno yake. Amedeus alilipokea neno hilo kwa mikono yote miwili. Likabaki hapo mikononi; kichwani halikupanda.

Alipomwoa Gaudensia alifuata desturi ya wengi wa huku, akajenga upande wa kina mke. Kiwanja kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi Kornelia, mjane mkimya ambaye marehemu mumewe alikuwa na mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ilishakwisha, lakini injini yake ya dizeli ilikuwa nzima, na Amedeus akapewa. Akaifunga katikati ya karakana, ikawa inazungusha shafti moja kwa mkanda mrefu. Mwisho mmoja wa shafti aliweka jiwe la kunolea, na mwisho wa pili taya za kubania vifaa vya kuchongea. Nguzo za umeme zilipita mbele ya mlango wake, lakini hakuzitaka. Umeme, alisema, unakatika ukitaka wenyewe. Injini inakatika ukitaka wewe.

Sasa moshi wa injini hiyo ulitoka upande wa dirisha la Bibi Kornelia. Mkwe na mkwe hawatupiani maneno usoni, hasa ya malalamiko. Neno hupita kwa mtu wa kati. Bibi Kornelia alivumilia wiki tatu, akikohoa kwa adabu, halafu akamtuma binti yake amwambie mumewe kwamba moshi unamwingilia chumbani. Gaudensia alilifikisha neno akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho. Amedeus hakumwacha amalize ungo. Alikwenda, akawaita wanaume wanne, wakafungua nati, wakaigeuza injini nzima, palipokuwa mbele pakawa nyuma, wakaifunga tena. Moshi ukaelekea barabarani, ukawaingia wapita njia, ambao si wakwe wa mtu.

Alisifiwa sana kwa jambo hilo. Katika jumuiya ya kanisani walimtaja kwa jina. Mwenyekiti aliwaambia vijana waliokuwa wanajiandaa kufunga ndoa kwamba heshima kwa mkwe si kutoa shikamoo kwa sauti tu, heshima ni kama ya Amedeus aliyegeuza chuma cha kilo mia tatu kwa neno moja la mama. Amedeus alisikiliza akitazama chini, kwa ule unyenyekevu wake uliokuwa unaonekana kutoka mbali.

Kitu kimoja tu hakikutazamwa na mtu. Injini ikigeuzwa namna ile, inazungusha mkanda kinyume. Jiwe la kunolea lililokuwa likimjia fundi kutoka juu kwenda chini, sasa likawa linapanda kutoka chini kwenda juu. Kwa watu wengine wote wa dunia hii cheche huanguka miguuni. Kwa Amedeus ziliruka juu, usoni. Nyusi ziliondoka wiki ya kwanza.

Yakafuata mengine. Nati iliyobana jiwe, ambayo kwa kuzunguka sawasawa hujikaza yenyewe, ikawa inajifungua kila siku. Siku moja iliruka, ikatoboa bati, ikaenda kutua kwenye pipa la maji la jirani. Amedeus aliichomelea isitoke tena. Jiwe lilipoisha akalazimika kuikata nati kwa msumeno, akafunga jiwe jipya, akaichomelea tena. Alipoulizwa alisema hiyo ndiyo namna ya karakana yake, na kila karakana ina namna yake.

Lililomuudhi zaidi lilikuwa la tupa za kuzunguka. Hizi si zile ndefu za kusukuma kwa mkono. Ni ndogo, kama yai la njiwa lililoota meno, zina mkia; unaubana mkia kwenye mashine, yai linazunguka, unalipeleka ndani ya shimo ambamo tupa ya kawaida haifiki. Huku kwetu kwenye korosho zinahitajika, maana visu vya mashine za kubangulia vina tumbo kama kijiko, na tumbo lile lisipolainishwa vizuri korosho zinatoka zimevunjika. Amedeus alimwagiza mtu Dar es Salaam, akaletewa tupa moja mpya, iking'aa. Akaibana, akawasha injini, akaipeleka kwenye chuma. Haikula. Iliteleza juu ya chuma kama kiganja cha mama juu ya kichwa cha mtoto anayelala.

Mtu mwingine angetazama meno. Amedeus alitazama maandishi ya kwenye boksi, akatangaza kwamba ni feki. Akaipigilia mlangoni kwa msumari, na chini yake akaandika kwa chaki: FEKI. TUSIDANGANYIKE. Watu walipita wakasoma, wakatikisa vichwa juu ya uovu wa wafanyabiashara.

Mtu mmoja tu alimwambia ukweli, na alimwambia karibu kila juma kwa miaka kumi na mmoja. Huyo alikuwa Hasani, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Bahati mbaya alikuwa mtani wake. Hasani alikaa kwenye kigoda chake mbele ya magurudumu yaliyotundikwa, na kila injini iliponguruma alipaza sauti.

"Amedeus, mashine yako inarudi nyumbani wakati wenzake ndiyo kwanza wanakwenda shamba."

"Na wewe baiskeli zako zinakwenda wapi, bila mnyororo?" Amedeus alijibu, na wote wakacheka.

Hasani akicheka alikuwa anasema kweli, na Amedeus akicheka alikuwa hasikii. Ndivyo utani ulivyo: neno la mtani halishtakiwi, wala halisadikiwi. Wengine waliokuwa wameona walinyamaza, kwa kuwa kuikosoa injini ile ilikuwa ni kama kukosoa heshima ya mtu kwa mkwe wake. Basi mzaha ulibeba ukweli mgongoni ukapita nao kila siku mbele ya mlango, na mwenye mlango akaupungia mkono.

Hapo ndipo ubunifu ulipomjia Amedeus. Kama tupa za dukani ni feki, alisema, nitatengeneza yangu.

Nisiseme uongo kwa ajili ya kucheka. Mikono yake ilikuwa mizuri. Alichukua tupa kuukuu za misheni, akazipasha kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazifukia ndani ya majivu zipoe polepole hadi kesho yake, ili chuma kilegee kiweze kuchongeka. Akachonga mayai. Halafu akakata meno moja moja kwa tupa ya pembe tatu, akivaa miwani ya marehemu shangazi yake. Ya kwanza iliziba: unga wa chuma ulijaa katikati ya meno kama nyama kwenye meno ya mzee. Ya pili ikaziba. Kwenye ya tano akapata wazo ambalo lilikuwa lake kweli, hakufundishwa na mtu. Badala ya kuacha kila jino liwe refu moja kwa moja toka kichwani mpaka mkiani, alilikatakata kwa vijifereji vya kupinda, pengo la jino moja likikaa mbele ya uzima wa jino la nyuma yake. Unga ukapata pa kutokea. Haukuziba tena, hata kwa bati laini la sufuria ambalo huziba kila kitu.

Mwisho aliipasha moto tena na kuichovya kwenye mafuta ili chuma kikaze. Mafuta yalikuwa ya ufuta, kutoka jikoni kwa Gaudensia, bila ruhusa. Tupa za Amedeus zilinukia maandazi.

Na meno hayo aliyaelekeza wapi? Aliyaelekeza yalipokula. Alijaribu kwenye mashine yake, akaona upande huu hauli, upande huu unakula, akachagua unaokula. Akili yote ile ya vijifereji ilijengwa juu ya shafti inayokwenda kinyume, kama nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma iliyojengwa imegeuzia barabara mgongo.

Haikupita muda Nachingwea nzima ilijua kwamba Amedeus ametengeneza tupa inayozishinda za ng'ambo. Alikwenda nayo mnadani mfukoni. Alikwenda nayo msibani. Alimwonyesha mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, na mfiwa.

Habari ikafika Ruangwa. Huko masista walikuwa wamefungua chuo kidogo cha ufundi, na mkuu wake, Sista Josephina, alitafuta mtu wa kufundisha kazi za mkono. Vyeti havikutakiwa. Alitaka mtu mwenye mikono, na mwenye kuweza kueleza mikono yake inafanya nini. Wawili waliitwa: Amedeus, na Hemedy, fundi wa kutengeneza cherehani sokoni pale pale Ruangwa. Kila mmoja alete kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Amedeus aliposoma barua ile alikaa chini. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Maisha yake yote ameitwa fundi, jina ambalo huitwa pia mtu anayeziba pancha. Tangu siku zile za kusukuma tupa mbele ya bruda alikuwa na tamaa moja ambayo hakumwambia mtu ila mkewe: siku moja asimame mbele ya vijana, aitwe Mwalimu. Barua aliisoma mara nne, halafu akaikunja akaiweka kwenye kitabu cha sala, kwenye ukurasa wa shukrani, kabla hajapewa cha kushukuria.

Gaudensia alimpigia pasi shati jeupe. Akamshauri, kwa upole, apitie kwanza kwa Hasani akaijaribu ile tupa kwenye mota ndogo ya umeme aliyokuwa nayo. Tupa ilikuwa haijawahi kuzunguka kwenye mashine nyingine hata siku moja.

"Mama Brigita," alijibu, akijitazama kwenye kioo, "unataka nikajaribiwe na mtani?"

Karakana ya chuo ilikuwa na sakafu ya saruji na mashine za umeme zilizopakwa kijani. Wanafunzi kama ishirini, wavulana kwa wasichana, walisimama ukutani. Sista Josephina alikuwa mwanamke mfupi mwenye aproni juu ya kanzu ya utawa, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kazi. Alimtolea Amedeus Tumsifu Yesu Kristo, akaitikiwa milele amina kwa sauti iliyojaza chumba.

Hemedy alionyesha kwanza. Alikuwa ametengeneza kijino cha cherehani, kile kinachosogeza kitambaa, kwa kipande cha springi, kitu kidogo hata kilibidi kishikwe kwa kibano. Alieleza kwa maneno machache, akaketi. Amedeus alimhurumia.

Halafu akasimama yeye. Alianza na historia ya chuma. Akaja kwenye uovu wa bidhaa feki, akawaeleza vijana kwamba alikwishaagiza tupa kutoka Dar es Salaam isiyoweza kukwangua hata ukoko. Akaeleza vijifereji, na hapo alieleza vizuri, mpaka Sista akasogea karibu na kuitazama tupa kwenye mwanga. Halafu Amedeus akaibana kwenye mashine ya kijani, akawasha, akakishika kisu cha kubangulia korosho, akakipeleka kwenye tupa huku uso wake ukiwatazama wanafunzi.

Haikula.

Akabonyeza zaidi. Tupa ilizunguka juu ya chuma kwa mlio laini, kama paka anayepapaswa kufuata manyoya. Akabonyeza kwa uzito wake wote wa shati jeupe. Chuma kikapata joto, na harufu ya maandazi ikajaa karakana. Msichana mmoja ukutani aliziba mdomo kwa mkono. Sista Josephina akachukua kutoka kabatini tupa ya dukani, ndugu wa tumbo moja na ile iliyopigiliwa mlangoni Nachingwea, akaibana, akaigusisha kwenye kisu. Ilikula kama mchwa.

Sista hakucheka. Alisema wapumzike wanywe chai, na kwamba baada ya chai angeuliza swali moja tu: kwa nini tupa hii haikula? Atakayemweleza, darasa ni lake.

Nje, penye ngazi, Hemedy alimfuata Amedeus na vikombe viwili. Alikuwa ameishika ile tupa kabla ya chai, akayatazama meno, na fundi wa cherehani anayeishi kwa vitu vidogo hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Mzee wangu," alisema taratibu, akitazama chai na si uso wa mwenziwe, "kazi yako ni nzuri. Hivi vijifereji sijawahi kuviona. Ila meno yanatazama nyuma. Nadhani mashine yako kule nyumbani inazunguka kinyume. Waambie hivyo tu. Mimi sitasema kitu."

Mambo yote yalimjia Amedeus pamoja: nati ndani ya pipa la jirani, Hasani kwenye kigoda, cheche, nyusi, ile tupa msumarini. Na sauti ya bruda. Aliona kabisa, kama mtu anavyoona shimo akiwa tayari hewani. Alichotakiwa kufanya ni kuingia ndani na kusema maneno matano. Lakini maneno hayo matano yangekuwa na mkia wa miaka kumi na mmoja, na mkia huo ungefika Nachingwea kabla ya basi.

Walipoingia, Sista alimwuliza yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Sista," alisema Amedeus, "bila kuwakosea heshima, nadhani umeme wa Ruangwa unazunguka kinyume."

Sista Josephina alimtazama usoni, hasa pale juu ya macho.

"Fundi, kwako ukinoa, cheche zinakwenda wapi?"

"Chini, Sista."

"Chini," akarudia Sista, bado anatazama pale pale. Alikuwa na huruma, kwa hiyo hakuongeza neno. Akamgeukia Hemedy. Hemedy alikohoa, akatazama sakafu, akasema kwamba yeye hana uhakika, labda wabadilishe nyaya za mota waone. Wakabadilisha. Mashine ikageuka, na tupa ya Amedeus ikala chuma kile kile kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, haraka kuliko ya dukani, bila kuziba. Wanafunzi wakapiga makofi. Waliipigia tupa, si yeye. Darasa akapewa Hemedy.

Nachingwea walisimuliwa kwamba safari ilikuwa nzuri, ila umeme wa wenzetu una matatizo. Gaudensia alilipokea shati, akaona jasho lilivyochora mgongoni, akaloweka.

Baada ya majuma mawili ikaja barua ya Mwalimu Hemedy, kwa adabu nyingi. Chuo kiliomba tupa kumi za namna ile ile, vijifereji vile vile, ila meno yatazame upande wa pili. Amedeus aliwasomea majirani kwa sauti, akaeleza kwamba Ruangwa wanaagiza za kinyume kwa sababu ya lile tatizo lao. Akachonga ya kwanza. Akaibana kwenye mashine yake kuijaribu. Haikula, na isingeweza kula. Akakaa anaitazama. Kupeleka tupa kumi ambazo hajazijaribu, baada ya siku ile ya Ruangwa, hakuweza. Kuigeuza injini irudi ilivyokuwa ni kumpelekea mama mkwe moshi. Siku nne injini haikunguruma, na mtaa mzima ukauona ukimya.

Siku ya tano Gaudensia alikuja karakana na ungo wake, akasimama mlangoni.

"Baba Brigita, Mama amenituma neno."

Amedeus alisimama wima, kama inavyopasa.

"Anasema mkanda usokotwe mara moja. Uwe kama tarakimu ya nane. Marehemu baba alifanya hivyo kwenye mashine ya kusaga walipohamisha injini. Moshi unabaki huko huko."

Amedeus aliutazama mkanda. Kisokoto kimoja, na shafti ingerudi kuzunguka sawasawa. Hata injini haikuhitaji kuguswa. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini Mama hakusema siku zote hizo.

"Nilimwuliza," alisema Gaudensia. "Anasema aliomba jambo moja ukageuza injini nzima. Akaogopa akiomba la pili utageuza na nyumba."

Neno la mkwe haliulizwi mara mbili. Na hilo ndilo lililomwokoa: hakutakiwa kukiri kitu, alitakiwa kutii tu. Akausokota mkanda, akawasha. Jiwe likashuka kutoka juu kwenda chini. Aligusisha patasi, na cheche, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, zikaanguka miguuni. Alikuwa amevaa ndala. Akaruka. Ng'ambo ya barabara Hasani alisimama kutoka kwenye kigoda chake, spana mkononi.

Tupa ya Ruangwa ilikula vizuri sana. Gaudensia alipoondoka, Amedeus alichungulia barabarani pande zote mbili, akaing'oa mlangoni ile tupa ya Dar es Salaam, akapuliza vumbi, akaibana. Ilikula nayo. Akazima injini haraka. Akaipigilia tena mahali pake, juu ya yale maandishi yake ya chaki, na tusidanganyike.

Jumapili jumuiya ilisikia kwamba Amedeus amesokota mkanda kwa neno moja la mama mkwe. Akasifiwa kwa mara ya pili, kwa kutengeneza alichosifiwa alipokiharibu. Alitazama chini, kwa unyenyekevu ule ule.

Lakini nywele hazijui utani wala mkwe. Mwezi mmoja baadaye mtu mmoja wa Matambarale alishuka basi, begani ana jembe la kukokotwa lililovunjika. Alisikia injini, akaingia, akamtazama yule mwenye masharubu, akatoka mlangoni, akasoma kibao, akaingia tena.

"Samahani, ndugu. Namtafuta fundi Amedeus. Nimeambiwa hana nyusi."

Amedeus alipeleka kidole juu ya jicho. Zilikuwa zimeota, fupi na ngumu, kama mtama uliochelewa mvua. Gaudensia alikuwa anachambua mboga kizingitini. Alimwona mumewe akijaza kifua hewa, akaona midomo ikijiweka tayari kwa neno umeme, na yeye mikono yake ikasimama juu ya ungo. Ile hewa ikatoka bila neno. Amedeus akavuta nyingine, ndogo.

"Ni mimi," alisema. "Zilikuwa zinaungua. Mashine ilikuwa inazunguka kinyume."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

Mtu wa Matambarale alilazimika kulitua jembe chini ili acheke vizuri. Ng'ambo ya barabara Hasani alikuwa amesikia kila neno, na alikuja mbio, mikono ina grisi.

"Nilikwambia," alisema, karibu kwa uchungu. "Amedeus, mimi nilikwambia kila juma."

"Ulisema," Amedeus alikubali, akiinama kulitazama jembe. "Lakini wewe ni mtani."